Roki Klasiki na Mpigaji wa Tisa

Mwaka 2014 Walt Hickey, mwandishi wa habari za takwimu nchini Marekani, alifuatilia kwa wiki nzima vituo 25 vya redio vinavyojiita vya roki klasiki, akaorodhesha kila wimbo uliopigwa. Alipojumlisha, nyimbo zilikuwa zimepigwa zaidi ya mara 37,000. Asilimia 57 ya mara hizo ziliangukia nyimbo zilizotoka kati ya mwaka 1973 na 1982, na wasanii na bendi 25 tu, Led Zeppelin, Van Halen na Rolling Stones wakiwamo, waliondoka na karibu nusu ya jumla yote. Hesabu hiyo inavuruga dhana iliyozoeleka kwamba wimbo huwa klasiki kwa kuzeeka. Chuck Berry alitoa "Johnny B. Goode" mwaka 1958, na mwaka 1977 Wamarekani waliuona unafaa kupakiwa kwenye chombo cha Voyager ukaiwakilishe dunia huko angani; lakini kwenye vituo hivi Berry ni mgeni wa nadra. Nirvana, waliotoa albamu ya Nevermind mwaka 1991, zaidi ya miaka thelathini baada ya Berry, wamekwisha kupewa kiti. Umri, basi, haukuchuja kitu. Kuna mkono uliouchagua muongo mmoja ukauacha mwingine, na la kuuliza ni mkono huo ni wa nani.

Jibu linalokuja haraka ni ubora: nyimbo nzuri hubaki, mbovu husahaulika. Lina ukweli wake, na nitalirejea, ila ushahidi unalikataa likiachwa lisimame peke yake. Albamu ya kwanza ya Velvet Underground, ya mwaka 1967, imesifiwa na wahakiki karibu kuliko nyingine yoyote ya kizazi chake, na bendi yenyewe iliingizwa katika Rock and Roll Hall of Fame mwaka 1996. Ukisikiliza redio za roki klasiki unaweza kumaliza wiki bila kuwasikia. Aerosmith nao walitoa "Dream On" mwaka 1973, ukapanda hadi nafasi ya 59 kwenye chati ya Marekani ukakwama; ukatolewa tena mwaka 1976, ukafika nafasi ya 6. Mwimbaji yule yule, gitaa lile lile. Kilichobadilika katika miaka ile mitatu ni idadi ya watu walioijua bendi na ambao, wakisikia sauti ile inapanda, walikuwa wameshajua inakoelekea. "Stairway to Heaven" wa Led Zeppelin, wa mwaka 1971, una dakika nane na haukuuzwa kama singo huko Marekani, kwa hiyo chati ya nyimbo haikupata nafasi ya kuupima. Ukawa miongoni mwa nyimbo zilizoombwa zaidi katika historia ya redio za FM. Hoja ninayoitetea hapa ni kwamba wimbo wa roki huwa klasiki pale umma mkubwa unapoutambua mara moja, na kila mmoja katika umma huo akajua kwamba wenzake nao wameutambua. Sharti la kwanza lilitimizwa na redio kwa kurudiarudia. La pili lilitimizwa kwa michezo ambayo wachambuzi wengi huiona kama pambo la biashara: mpigaji wa tisa ashinde tiketi, taja wimbo huu, piga kura yako.

Redio ya FM iliingia katika habari hii kwa amri ya serikali. Tume ya mawasiliano ya Marekani ilizitaka kampuni zenye masafa ya AM na FM katika miji mikubwa ziache kurusha matangazo yale yale pande zote mbili kutwa nzima, na amri ikaanza kufanya kazi mwanzoni mwa 1967. Ghafla pakawa na saa nyingi za kujaza kwenye masafa ambayo wasikilizaji wake walikuwa wachache na wenye matangazo hawakuyajali. Aprili mwaka huo Tom Donahue alianza kupiga kwenye kituo cha KMPX, San Francisco, nyimbo ndefu kutoka ndani ya albamu, zile ambazo redio za AM zisingezigusa kwa sababu zilizidi dakika tatu. Uhuru ule haukudumu. Katika miaka ya 1970 mshauri Lee Abrams aliviuzia vituo kanuni iliyomwondolea mtangazaji madaraka ya kuchagua na kuyakabidhi kwa utafiti wa wasikilizaji, na orodha za nyimbo zikafupika. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hadhira ikagawanyika: vijana walitaka sauti mpya walizoziona MTV, iliyoanza 1981, na walioanza kuingia miaka thelathini walitaka walichokulia nacho. Kituo cha M105 cha Cleveland kilikuwa kimeshajitangaza mwaka 1980 kuwa cha roki klasiki ya mji huo, kikichanganya zamani na sasa. Fred Jacobs, mshauri wa eneo la Detroit, akaenda mbali zaidi akapendekeza kituo kisichopiga wimbo mpya hata mmoja. WMMQ ya Lansing, Michigan, ililichukua wazo lake mwaka 1985, WCXR ya Washington ikafuata mwaka 1986, na baada ya hapo likasambaa nchi nzima. Wale wa miaka thelathini walikuwa na mishahara, magari na mikopo ya nyumba, na wenye matangazo waliwahitaji wao kuliko vijana wa MTV.

Namna orodha yenyewe ilivyopatikana inastahili kutazamwa kwa karibu, maana hapo ndipo neno klasiki lilipopewa vipimo. Kituo kilikodi ukumbi, mara nyingi wa hoteli, kikaalika watu wapatao mia moja waliochujwa kwanza kwa simu: umri unaotakiwa, na wawe tayari wanasikiliza kituo kile au mshindani wake. Walilipwa kidogo kwa muda wao. Wakachezewa vipande mamia, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kikiwa na sekunde saba hadi kumi tu za pale wimbo unaponasa, ama kiitikio ama mstari wa gitaa wa mwanzo, na kwa kila kipande wakaandika alama. Je, unaujua? Unaupenda kiasi gani? Umekuchosha? Nyimbo zilizopata alama za juu zilikwenda hewani, pengine mia tano hivi kwa kituo, na zilizoshindwa zikafungiwa kabatini hata kama mtangazaji anazipenda kufa. Kipimo cha kwanza, basi, kilikuwa kuutambua wimbo. Wimbo usiojulikana haukuwa na njia ya kupendwa ndani ya sekunde saba. Jambo hilo peke yake linaeleza kwa nini miaka ya 1973 hadi 1982 ilitawala hesabu ya Hickey: ni miaka ambayo waalikwa wa ukumbini walikuwa vijana na FM ilikuwa ikienea magarini, kwa hiyo ndiyo waliyokuwa na hazina kubwa ya kutambua. Linaeleza pia kwa nini roki klasiki imejaa nyimbo zinazofungua kwa gitaa la peke yake. Mwanzo wa namna hiyo hautaki maelezo wala utangulizi, unajitaja.

Sasa uweke ukumbi ule kando ya shindano la kawaida la asubuhi redioni. Mtangazaji anapiga kipande cha sekunde moja, au nusu sekunde, cha wimbo. Anayeutaja kwanza anapata tiketi mbili za tamasha na fulana ya kituo. Ni jaribio lile lile, ila limetolewa ukumbini likaletwa hadharani, na hapo ndipo linapobadilika tabia. Ukumbini kila mtu aliandika alama zake kimya na hakujua jirani ameandika nini. Hewani, mtu mmoja anajibu na maelfu wanasikia kwamba wao pia walikuwa na jibu. Dereva aliyekwama kwenye foleni amelitaja jina kabla ya mpigaji, fundi aliye chini ya gari gereji amelitaja, na kila mmoja anajua kwamba hakuwa peke yake. Kasi hii ya kutambua si maneno ya mashabiki tu. Mwaka 2010 Carol Krumhansl, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cornell, alichapisha utafiti ambamo washiriki walisikilizishwa vipande vya nyimbo maarufu vyenye urefu wa milisekunde 400, yaani chini ya nusu sekunde, na bado kwa zaidi ya robo ya vipande walitaja msanii na jina la wimbo. Muda huo mara nyingi hautoshi kusikia zaidi ya neno moja. Kinachotambuliwa zaidi ni rangi ya sauti: mlio wa gitaa fulani, mwangwi wa ngoma katika studio fulani, koo la mtu mmoja. Roki ya muongo ule ilirekodiwa na bendi zilizojitahidi kuwa na mlio usiofanana na wa jirani, na kwa hiyo iliufaa mchezo wa kutambua kuliko muziki mwingi uliotangulia. Hapa ubora una kazi yake, ila ni ubora wa aina moja tu.

Mchezo unaonoga zaidi ni ule usio na zawadi kabisa. Kituo cha Q104.3 cha New York hupiga kila mwaka, wiki ya sikukuu ya Shukrani mwezi Novemba, nyimbo 1,043 za roki klasiki zilizopigiwa kura na wasikilizaji, idadi hiyo ikitokana na masafa ya kituo, kuanzia ya mwisho hadi ya kwanza. Anayefuatilia anajua karibu kwa hakika kwamba mwishoni atakuta "Stairway to Heaven", na bado anafuatilia, maana ubishi ni wa njiani: kwa nini bendi hii imeshuka, nani aliyeupigia wimbo ule kura. Uholanzi imelikuza jambo hili kuliko Marekani. Mwaka 1999 Radio 2 ya taifa iliandaa Top 2000 kuaga karne, ikikusudiwa kuwa ya mara moja. Ikapendwa mno ikageuka desturi, kuanzia sikukuu ya Krismasi hadi dakika ya mwisho ya mwaka, usiku na mchana, na mashabiki husafiri hadi Hilversum kuwaona watangazaji wakiwa kazini. Msikilizaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuchorewa picha ya raha hiyo. Vipindi vya salamu, na kadi zake zilizobeba majina ya watu na vitongoji vyao, viliwafanya wasikilizaji ambao hawajawahi kuonana wajuane kwa majina hadi wakaunda klabu. Na zilipendwa zetu zilipatikana kwa njia isiyo mbali na ya Lansing. Morogoro Jazz, Western Jazz na NUTA Jazz walirekodiwa na Radio Tanzania Dar es Salaam, ambayo hadi miaka ya 1990 haikuwa na mshindani hewani Tanzania Bara. Kilichohifadhiwa kwenye kanda zake na kupigwa tena na tena ndicho kilichobaki kuwa kumbukumbu ya nchi. Tofauti ni kwamba mchujo wa huku ulifanywa na mtumishi wa umma, na wa kule ulifanywa na mwenye kuuza matangazo. Sina hakika kwamba mmoja aliwatendea wanamuziki haki kuliko mwingine.

Kuna watakaosema kwamba naipamba tamaa kwa maneno ya udugu: watu hupiga simu redioni kwa sababu wanataka gari, basi. Wana mifano ya kuwasaidia. Mwaka 1990 kituo cha KIIS-FM cha Los Angeles kiliahidi gari aina ya Porsche kwa mpigaji wa 102, namba iliyochukuliwa kutoka masafa yake ya 102.7. Kevin Poulsen, mdukuzi aliyekuwa akitafutwa na polisi, alizitawala laini za simu za kituo pamoja na wenzake, wakawazuia wapigaji wengine, akahakikisha kwamba wa 102 ni yeye. Wasikilizaji wa jiji zima walikuwa wakibonyeza namba bure. Januari 2007 kituo kimoja cha Sacramento kiliwashindanisha wasikilizaji kunywa maji mengi bila kwenda msalani ili washinde mashine ya michezo ya video; mshiriki mmoja alifariki, na mwaka 2009 baraza la mahakama liliamuru familia yake ilipwe dola milioni 16.5. Vituo hivyo viwili havikuwa vya roki, lakini tamaa haichagui aina ya muziki. Tazama, hata hivyo, mifano hiyo inathibitisha nini. Zawadi inapokua, maarifa ya muziki yanaondoka mchezoni: kuwa mpigaji wa 102 ni bahati tupu, na kunywa maji hakuna uhusiano na wimbo wowote. Mwaka 1996 sheria mpya ya mawasiliano iliondoa kikomo cha idadi ya vituo ambavyo kampuni moja inaweza kumiliki nchi nzima, na kampuni kubwa kuliko zote ikafikisha takriban vituo 1,200. Shindano moja likaanza kuendeshwa kwa miji mingi kwa wakati mmoja, huku msikilizaji akidhani anashindana na watu wa mtaani kwake, hadi ofisi ya mwanasheria mkuu wa Florida ikaingilia kati mwaka 2000. Dola zilikuwa nyingi kuliko zamani, ila uwezekano wa kusikia mtu wa mji wako akishinda ulikuwa umekaribia sifuri. Ikiwa watu walifuata fedha tu, mashindano makubwa yangewaunganisha wasikilizaji kuliko yale madogo. Lakini kinachokumbukwa na mashabiki wa redio za roki ni tiketi mbili, fulana, na kubishana juu ya nafasi ya 38 kwenye orodha.

Pingamizi la ubora ni gumu zaidi, na mtu anayelitetea vizuri hatanitajia Velvet Underground. Atanitajia "Bohemian Rhapsody". Farrokh Bulsara, aliyezaliwa Mji Mkongwe, Zanzibar, Septemba 1946 na kuondoka na familia yake mwaka 1964 baada ya Mapinduzi, alikuwa tayari Freddie Mercury wa Queen alipouandika wimbo huo wa mwaka 1975 unaokaribia dakika sita, usio na kiitikio, wenye opera katikati. Waliosimamia mauzo waliuona mrefu mno kwa redio. Hakuna ukumbi wa hoteli ambao ungeupitisha, maana ungechukua sekunde saba zipi? Kwa hiyo, asema mpinzani, wimbo ulishinda kwa uwezo wake. Ila utazame ulivyoshinda. Kenny Everett, mtangazaji wa Capital Radio ya London, alipewa nakala kwa masharti kwamba asiupige. Akaupiga mara 14 katika siku mbili za mwisho wa juma, na watu wakamiminika madukani kuulizia wimbo ambao ulikuwa haujaanza kuuzwa. Ulikaa kileleni mwa chati ya Uingereza wiki tisa. Ukarudi kileleni mwaka 1991 baada ya kifo cha Mercury, na mwaka 1992 ukafika nafasi ya pili Marekani kwa sababu ya filamu ya Wayne's World, ambamo vijana ndani ya gari wanautikisia vichwa pamoja. Kila ulipofufuka, watu walikuwa wakiusikia pamoja na wenzao: mji mzima katika wikiendi moja, msiba wa umma, gari lililojaa marafiki. Siukatai ubora wake; wimbo dhaifu usingebeba marudio 14 bila kuchukiza. Ninachokataa ni kwamba ubora ulitosha. Kuna nyimbo za dakika sita za mwaka 1975 ambazo hazikumpata Everett, nasi hatuna namna ya kuzisikitikia kwa kuwa hatuzijui.

Pingamizi linalouma ni la tatu, nalo haliipingi hoja yangu. Linauliza umma huo ni nani. Roki ilitoka kwa Weusi. Big Mama Thornton alirekodi "Hound Dog" miaka minne kabla ya Elvis Presley kuupeleka kila nyumba mwaka 1956. Sister Rosetta Tharpe alipiga gitaa la umeme kanisani na jukwaani kabla magwiji wa roki klasiki hawajaanza kurekodi. Kwenye redio za roki klasiki, ukimwondoa Jimi Hendrix, utangoja sana kabla ya kumsikia mwanamuziki Mweusi. Funkadelic walitoa Maggot Brain mwaka 1971, albamu inayofungua kwa gitaa la zaidi ya dakika tisa ambalo shabiki yeyote wa Pink Floyd angelikumbatia, na haimo. Sababu iko ukumbini. Waalikwa walichujwa kwanza kwa kituo wanachosikiliza. Kituo kilikuwa kimeshachagua wazungu, wanaume zaidi. Wakaulizwa wanatambua nini. Wakataja walichokuwa wamepigiwa. Duara likajifunga, na kila mwaka takwimu zikathibitisha kwamba wasikilizaji hawataki kingine. Na raha ya kuwa pamoja ikawa na sura yake mbaya. Tarehe 12 Julai 1979 mtangazaji Steve Dahl wa kituo cha roki cha WLUP, Chicago, aliwaalika mashabiki katika uwanja wa Comiskey Park: leta sahani ya disko tuilipue, kiingilio senti 98. Walikuja watu wapatao 50,000. Sahani zililipuliwa katikati ya uwanja, umati ukavamia, nyasi zikaharibika, na mchezo wa pili wa besiboli wa siku hiyo ukaahirishwa na hatimaye wenyeji wakahesabiwa kuwa wameshindwa. Disko ulikuwa muziki wa Weusi, wa Walatino na wa mashoga, na miongoni mwa sahani zilizoletwa kulipuliwa zilikuwamo za wasanii Weusi ambazo hazikuwa za disko hata kidogo. Dahl amekana siku zote kwamba alikuwa na nia hiyo. Nia yake haibadilishi sana jambo: hafla ya redio iliwaambia watu 50,000, kwa mpigo mmoja, wao ni nani na nani si wao, miaka michache kabla ya mtu kuja kuwachuja ukumbini. Anayesifu umoja wa mashabiki wa roki, nami nausifu, hana budi kuubeba usiku ule pia.

Linabaki swali la simu za mkononi. Ikiwa redio ndiyo iliyofanya kazi hii, kijana anayechaguliwa nyimbo na programu, kila mmoja na vipokea sauti vyake masikioni, angepaswa kuwa hana klasiki. Kumbe anazo, tena zile zile za wazazi wake. Krumhansl, safari hii akiwa na Justin Zupnick, alionyesha mwaka 2013 kwamba wanafunzi wa chuo walikuwa na kumbukumbu nzito za muziki wa miaka ambayo wazazi wao walikuwa vijana, na pia wa miaka ya 1960, pengine kwa njia ya babu na bibi. Hapo redio ya gari ilikuwa imefanya kazi yake siti ya nyuma. Nyimbo za zamani huibuka pia bila redio: "Running Up That Hill" wa Kate Bush, wa mwaka 1985, ulikuwa wa kwanza Uingereza mwaka 2022 kwa nguvu ya tamthilia ya Stranger Things. Ila tamthilia iliyotazamwa na dunia nzima kwa wakati mmoja ndiyo hasa hali ninayoizungumzia. Chombo ni kingine, kazi ni ile ile. Linaloshindikana kwa programu ya simu ni sharti la pili. Inajua kwamba mimi na wewe tumesikia wimbo mmoja saa ile ile, lakini haituambii.

Ndiyo maana matokeo ya Uholanzi ya mwaka 2020 yana uzito kuliko ubishi wowote juu ya kifo cha roki. Top 2000 imekuwa karibu milki ya "Bohemian Rhapsody" tangu ianze, na wengi wa walioupokonya nafasi ya kwanza kwa mwaka mmoja mmoja walikuwa wakongwe wenzake, kama "Hotel California" wa Eagles na "Imagine" wa John Lennon. Mwaka ule uliwekwa kileleni "Roller Coaster" wa Danny Vera, uliotoka mwaka 2019. Vera alikuwa mwanamuziki wa kudumu wa kipindi cha televisheni cha mazungumzo ya mpira, kile ambacho Waholanzi hukitazama jioni na kukibishania kazini kesho yake, kwa hiyo wimbo wake ulijulikana kwa namna ambayo nyimbo nyingi za kizazi chake hazijulikani. Haukungoja robo karne wala kupita katika ukumbi wa hoteli. Mwaka uliofuata Queen walirudi juu, na "Roller Coaster" ukabaki karibu na kilele, mbele ya mamia ya nyimbo zenye umri wa kuuzaa.